Gunia Lililobaki Chini ya Kitanda cha Mama

Machakos, Jumatano, 15 Juni 2005

Baridi. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya vilima vya Iveti na halina mpango wa kuondoka wala wa kunyesha. Ni lile wingu la mwezi wa sita, la kuwavalisha watu makoti tu. Nimefunga duka mapema, na ninaandika haya kwenye kompyuta ile ile ambayo huwa ninawachapia watu barua za kuomba kazi na programu za mazishi.

Mama yangu amelala nyuma yangu, kwenye benchi la wateja. Nimemfunika koti langu na leso yake.

Leo nimekwenda Kathiani kumnyang'anya chakula.

Sijui namna nzuri zaidi ya kuliandika. Mtu akienda kwa mama yake wakati wa ukame hubeba unga, sukari, mafuta ya kupikia. Mimi nimekwenda mikono mitupu na nimerudi na yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa anakula mahindi yaliyomuua ndugu yangu Kioko. Alikuwa anayala kila siku, na alikuwa anajua ni yale yale.

Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa tangu tumzike Kioko na kila mara nimeifuta. Leo siifuti.

Mama yangu si mtu wa kushtukizwa. Huyo ndiye niliyekua nikimjua. Radi ikianza kunguruma huko upande wa Yatta, anafunika kioo kwa leso, anawaita watoto watoke chini ya miti, kisha anatoa betri kwenye redio, redio ambayo haijawahi kuunganishwa na waya wowote tangu inunuliwe. Mimi na Kioko tulikuwa tunamcheka sana kwa hilo. Alichimba matuta ya kuzuia udongo shambani kabla chifu hajamwamuru mtu. Ana majani ya kunde yaliyokaushwa ndani ya madebe, mengine ya miaka ambayo hata yeye ameshaisahau. Mvua ikichelewa kidogo tu, anaanza kupima kwa kikombe kile anachopika, na ole wako uache chakula kwenye sahani.

Ana sababu zake. Watu wa kwetu huipa kila njaa kubwa jina lake, na ile ya miaka ya themanini waliiita kwa Kikamba jina ambalo maana yake ni kama kusema nakufa huku nimeshika, yaani pesa ziko mkononi lakini hakuna cha kununua. Mimi nilikuwa ndiyo nimeanza shule na Kioko alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Mama alitembea hadi soko la Tala na pesa zimefungwa kwenye ncha ya leso, akarudi zimefungwa vile vile. Usiku huo tulikula matunda ya mwituni yaliyochemshwa, na sitaki kuyaeleza yalivyokuwa. Tangu hapo akaishi kwa kusudi moja: njaa nyingine ikija, isiwakute watoto wake hivyo.

Basi njaa nyingine ilikuja, na ikamkuta yuko tayari. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Mvua za mwisho wa mwaka jana zilitupa mahindi kidogo. Si mengi, lakini yalikuwepo. Tatizo ni kwamba mwezi wa pili, wakati mahindi yanatakiwa kukauka shambani, ikanyesha. Mvua ya siku chache, isiyo na faida kwa mtu, ikalowesha kila kitu na kuondoka. Na wizi nao ukaanza. Watu walikuwa wanaamka na kukuta mistari mizima ya shamba imevunjwa magunzi. Jirani mmoja alivunjiwa ghala, akachukuliwa kila punje.

Sisi tulikuwa na ghala la zamani, lile tunaloliita ikumbi. Lilisukwa kwa fito, limeinuliwa juu ya mawe, na upepo unapita ndani yake kutoka upande huu hadi ule. Mahindi ya nyanya yangu yalikaa humo, na ya mama yake kabla ya hapo, na hayakuwahi kumdhuru mtu. Lakini ghala la fito halina mahali pa kutia kufuli.

Kwa hiyo mama na Kioko waliyavuna mapema kabla wezi hawajafika. Waliyapukuchua yakiwa bado laini, wakayajaza kwenye magunia ya nailoni, wakayaingiza ndani ya nyumba, kwenye chumba anacholala mama. Mengine yalipangwa ukutani, mengine yakasukumwa chini ya kitanda, juu ya sakafu ya udongo. Dirisha likapigwa misumari. Mlango ukatiwa kufuli. Nilipokwenda nyumbani Pasaka chumba kile kilikuwa na joto kana kwamba kuna watu wengi wamelala humo, na harufu fulani ambayo nilidhani ni ya magunia mapya.

Alinionyesha. Aliyapapasa magunia kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama mtu anayewatuliza ng'ombe zizini. Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa tayari zimekataa, majirani walikuwa wameanza kununua mahindi kwa kikombe, na sisi tulikuwa na chumba kizima. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile.

Hakuna mtu Kathiani nzima aliyejitayarisha kumshinda mama yangu.

Walipofungua gunia la kwanza, punje nyingine zilikuwa zimeshikana na kuota ukungu wa kijani. Mama hakuyatupa. Nani angeyatupa, mwaka kama huu? Aliyachambua kwenye ungo, akatoa mabaya moja moja. Akayaosha, akayaanika, akayaosha tena. Akayatwanga kwenye kinu mpaka maganda yakatoka na punje zikabaki nyeupe, kisha akapika muthokoi, ule nilioula na mimi Pasaka ile. Kwa asiyetujua, muthokoi ni hayo mahindi yasiyo na maganda, yamechemshwa na kunde au maharagwe mpaka yakalainika, na Mkamba akikosa muthokoi atakwambia hajala hata kama ameshiba. Alijipa taabu yote hiyo ili watoto wale kitu safi. Na kwa kuwa Kioko ndiye aliyekuwa akilima na kuchota maji mbali, mama alimpakulia yeye kwanza, na akampakulia zaidi. Yeye mwenyewe alikula mabaki, kama ilivyo kawaida yake.

Kioko alianza kwa kutapika. Tukasema malaria. Akanywa dawa za malaria. Kisha tumbo likavimba na macho yakawa ya manjano, manjano kweli, na tukamleta hospitalini hapa Machakos. Daktari alimpima, akamtazama machoni, akauliza amekuwa akila nini. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Mama alikuwa amesimama pale pale karibu na kitanda. Akajibu, muthokoi. Daktari akauliza mahindi yalihifadhiwa wapi. Akajibu hilo pia, na nadhani alijibu kwa fahari kidogo, maana hakuwa ameelewa bado.

Mtoto wa Kioko, Mumo, naye alitapika lakini akapona. Mumo huchagua sana chakula. Sote tumemgombeza kwa tabia hiyo, na ndiyo iliyomwokoa.

Kioko hakupona.

Nilichapa programu yake mimi mwenyewe. Nimechapa nyingi mno mwaka huu, najua picha hukaa wapi na nyimbo hupangwa vipi. Hii ilinichukua siku nzima. Kila nikifika kwenye neno marehemu, vidole vinaenda mahali pengine.

Mazishini wajomba walisimama kando, karibu na zizi, wakanong'ona kwamba kijana mwenye nguvu hafi hivi hivi. Walisema kuna mkono wa mtu. Walitaka kwenda kwa mganga huko mbali kuuliza ni nani, na majina mawili matatu ya majirani yalikuwa tayari mdomoni. Mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu hospitalini, aliwafuata pale kwenye zizi akawaambia wasimtafute mtu. Alisema hakuna jirani yeyote atakayeguswa kwa ajili ya mtoto wake. Mchungaji alimsifu kwa imani yake mbele ya watu wote. Mimi pia nilidhani ni imani.

Nitaandika na hili, maana kama siliandiki hapa sina pengine pa kulisema. Nilimchukia mama. Si muda mrefu, lakini nilimchukia. Baada ya mazishi nilikaa nyumbani siku kadhaa, na kila alipokuwa akipika nilikuwa nikiangalia mikono yake. Nilikuwa namwandalia chai na kumfungia leso, na ndani yangu nilikuwa namuuliza, hukunusa? Wewe unayetoa betri kwenye redio, hukunusa?

Sikumuuliza kwa mdomo. Nilirudi mjini.

Baadaye chifu aliita baraza, na afisa wa kilimo akaja kuwaeleza watu. Nilisimuliwa na Syombua, mjane wa Kioko, ambaye bado anakaa pale nyumbani na mama. Afisa alisema ukungu ule unatoa sumu, na sumu hiyo haionekani. Ukiosha haitoki. Ukichemsha haifi. Ukitoa punje mbaya, zilizobaki ambazo unaziona nzuri zinaweza kuwa nayo. Hata kuku asipewe, hata mbwa. Kila mtu alete mahindi yake yaliyoguswa na ukungu yaharibiwe, na atapewa mengine ya msaada. Watu walinung'unika sana. Mzee mmoja aliuliza ni serikali gani inayochoma chakula wakati wa njaa, na watu wakapiga makofi. Basi mama akainuka, akaenda nyumbani, akawa wa kwanza kuyatoa magunia yake. Watu waliona aibu, wakamfuata. Syombua alisema hata afisa alimshika mama mkono.

Afisa hakujua kwamba gunia moja limebaki chini ya kitanda.

Juzi Syombua alini-bip. Nikampigia. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, na nilisikia amesimama nje kwa sababu upepo ulikuwa mwingi.

"Ndinda, Mwaitu ako na sufuria yake," aliniambia. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. "Anapika peke yake huko nyuma. Hataki Mumo akaribie hata hiyo moto. Sisi anatupatia ile ya msaada. Kuja, mimi nimeshindwa."

Ndiyo nikaenda leo.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, kwenye mawe matatu aliyoyapanga mwenyewe. Sufuria ilikuwa ndogo, ile tuliyokuwa tunachemshia maziwa. Alinisalimu vizuri, akauliza kazi, akauliza baridi ya mjini. Amekonda. Nikaingia chumbani, nikainama chini ya kitanda, nikaliona gunia. Mdomo wake ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja gunia la chakula anachokitumia kila siku. Dirisha bado limepigwa misumari.

Nilirudi nikamuuliza anafanya nini.

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na kwa kilio. Lakini alisogeza kuni, akanijibu kwa utulivu kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Alisema kwa Kikamba, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Wajomba zako walitaka kumtafuta aliyemuua Kioko. Mimi sikutaka watafute mbali. Daktari alisema ni mahindi. Mahindi hayajipiki, mwanangu. Niliyapika mimi, nikampakulia mimi. Sasa nayala. Kama yana kifo, yataniua na mimi, na itajulikana ni mkono wangu. Mvua za mwezi wa kumi zikinikuta hapa, basi si mimi."

Nilisimama pale nikiwa sielewi. Kisha nikaelewa.

Kwa Kiswahili tunasema mtu anakula kiapo na hatufikirii neno hilo kula. Kwa Kikamba pia kiapo kinaliwa. Wazee wa zamani, kesi ikiwashinda, walimlisha mtu kithitu, kiapo kile kikali, kisha watu wakarudi nyumbani wakangoja. Mwenye kosa angekufa kabla ya muda fulani kwisha. Asiyekufa hakuwa na kosa, na hakuna aliyethubutu kumtaja tena. Mama yangu ni mtu wa kanisa. Sijawahi kumsikia akitaja kithitu nyumbani kwetu hata kwa utani. Lakini alipokosa mahali pa kupeleka kesi yake, huko ndiko alikoipeleka. Akajishtaki mwenyewe, akajilisha mwenyewe, akakaa kungoja mvua.

Nilijaribu kila kitu. Nilimweleza kwamba sumu haijui nani ana kosa. Mmoja anakula anakufa, mwingine anakula hafi, na haimaanishi chochote kuhusu mkono uliopika. Alinisikiliza kwa heshima, namna anavyowasikiliza watu wa kampeni. Nilimwambia Mumo hana baba sasa, atakosa na nyanya? Akasema Mumo ana mama yake. Nilimtishia kwa chifu. Akasema chifu ni mtoto wa juzi.

Mwishowe nikamwambia ukweli ambao nilikuwa sijaufikia mwenyewe mpaka nilipoutamka. Nilimwambia hakumuua Kioko, alikuwa anamkinga. Kila alichofanya, kuanzia kuvuna mapema mpaka kufuli mlangoni, alikifanya ili tusilale njaa. Nilidhani hayo yatamlainisha. Uso wake ulijifunga kabisa. Akaepua sufuria, akapakua sahani yake, akavuta kigoda.

Sikupanga nilichofanya baada ya hapo. Naandika hivi ili mtu asije akadhani mimi ni shujaa. Nilichukua kijiko kwenye beseni la vyombo, nikakaa chini karibu naye, nikavuta sahani katikati yetu.

"Na mimi nilikula hapa Pasaka," nikamwambia. "Nilikula na nikasifu. Kama ni kiapo, tule wote."

Akanitazama kama haamini. Nikajaza kijiko. Sijui kama ningemeza. Nimejiuliza njia yote ya kurudi mjini na bado sijui. Najua tu kwamba kijiko kilifika mdomoni, moto, na kilinukia nyumbani, kunde na chumvi na moshi wa kuni, hakuna harufu nyingine yoyote. Kama nisingejua, ningekula nikaongeza.

Mama alinipiga mkono. Alinipiga kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, kijiko kikaruka, na sahani akaipiga teke yeye mwenyewe ikamwagika majivuni.

"Acha, Ndinda. Hiyo ni sumu."

Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Yalimfikia polepole, kwanza mikononi, kisha usoni. Akasema tena, "Ni sumu," lakini safari hii hakuwa anasema na mimi.

Kisha akalia. Hakuwa amelia hospitalini, hakuwa amelia kaburini. Alilia akiwa ameinama na leso mdomoni, na kati ya kilio na kilio alikuwa akiita jina la Kioko lile la utotoni, ambalo hakuna mwingine anayelitumia. Syombua alisikia, akaja mbio kutoka upande wa mbele, akasimama. Halafu naye akakaa chini. Tulikaa hivyo wanawake watatu kando ya moto uliokuwa unakufa, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Nilitaka kumwambia kwamba kupika bila kujua si sawa na kuua. Sikusema. Kuna maneno ambayo mtu akiyasema mapema yanakuwa kelele tu.

Alasiri tulichimba shimo nyuma ya zizi, refu, kama afisa alivyoagiza, ili kuku wasiparue. Nilitaka kulibeba gunia mimi. Akakataa. Alilifunga kamba, akaipitisha kichwani kama anavyobeba kuni, akalipeleka mwenyewe ameinama. Alimimina yote, akatingisha mpaka punje ya mwisho ikatoka, akatupa na gunia lenyewe. Tukamwaga majivu juu, tukafukia. Syombua aling'oa misumari ya dirisha kwa panga, na upepo ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Mama alisimama akilitazama lile ikumbi tupu. Fito zake zimeanza kuoza upande mmoja. Alisema linaweza kusukwa tena, na akaeleza ni miti gani ya kutumia, na kwamba mahindi yasiingizwe humo mpaka mtu aume punje moja na aisikie ikipasuka, si kubonyea. Alikuwa anamwambia Syombua, kwa sauti ya kawaida, ile ya kufundisha. Alisema yaanikwe juu ya turubai na si juu ya udongo. Alisema magunia yawe ya mkonge na yakae juu ya mbao. Syombua akauliza, na wezi je? Mama akafikiri. Akasema, "Waibe."

Kama kuna mtu anayesoma blogu hii akiwa na mahindi ndani ya nyumba yake mwaka huu, nimeandika hayo kwa ajili yake. Fungua dirisha leo. Na kama yameshaota ukungu, hata kidogo, usiyaonee huruma.

Nilimwambia mama tuje mjini. Hakubisha. Alimbusu Mumo kichwani, akachukua leso ya pili, akatoka. Tangu tufike hapa hajanitazama usoni. Nimempa chai, amekunywa nusu. Balbu ya duka hili ni hafifu na kila kitu chini yake ni cha manjano, ukuta, karatasi, mikono yangu. Nimejizuia kumfunua leso nimtazame macho. Ninaogopa. Hajasema amekula kwa muda gani na mimi sijauliza, na naogopa pia kwamba nimekwenda nikiwa nimechelewa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua, na ndilo lililonifanya nikae hapa kuandika badala ya kulala.

Kesho asubuhi nampeleka hospitalini. Labda tutamkuta daktari yule yule. Atamlaza kitandani, atamtazama machoni, na najua swali lake la kwanza. Atauliza amekuwa akila nini. Halafu, kwa kuwa chifu ametangaza na redio imetangaza na mtoto wake ameshakufa, atauliza lile la pili, kwamba alijua, na kama alijua, kwa nini akala?

Mama ataanza kueleza. Namjua. Atajibu kwa ukweli mbele ya wauguzi na wagonjwa wa kitanda cha pili, atamtaja Kioko, na watamtazama jinsi mimi nilivyomtazama mikono.

Sitamwachia nafasi hiyo. Nitajibu mimi, haraka, kabla hajafungua mdomo. Nitamwambia daktari ni njaa.